Shetani Aliyelazwa Wodi ya Kifua

Mwanamume aliyezaliwa kwetu Abra Tolar, juu milimani, hana ruhusa ya kuhema. Wanaohema ni watalii wanaopanda kutoka Buenos Aires: wakishuka tu kwenye basi, hewa nyembamba ya kwetu inawakaba, midomo inageuka zambarau, na akina mama wa sokoni wanawauzia majani ya koka kwa bei ya ujinga wao. Hiyo tunaiita puna, na ni ugonjwa wa wageni. Lakini mwenyeji, tena mfyatua matofali, tena shetani mkuu wa kikundi cha kanivali kiitwacho Wasiochoka, akihema kwa kupanda ngazi za kanisa, hiyo ni aibu ya ukoo mzima. Kwa hiyo Zenobio Toconás hakuwa anahema. Alikuwa anafunga kamba za viatu.

Alizifunga kwenye kona ya duka la mikate, akazifunga tena bombani, akazifunga mbele ya kanisa, ameinama, mkono mmoja ukutani, mgongo ukipanda na kushuka. Mkewe, Tránsito Vilte, aliyavumilia hayo tangu majira ya baridi mpaka mvua zikaanza. Shida ilikuwa ndogo tu: Zenobio alivaa katambuga, na katambuga za tairi hazina kamba. Kijiji kizima kililijua hilo, na kwa heshima kilisimama kumsubiri amalize kufunga.

Kisha akaanza kulala ameketi, kaegemea gunia la mahindi, akidai kwamba anamvizia mwizi. Tránsito alimuuliza mwizi huyo anakuja kuiba nini, gunia au mzee aliyeliegemea. Hakujibiwa, maana kujibu kulihitaji pumzi. Asubuhi yake Tránsito alimdanganya kwamba goti lake mwenyewe linauma na anahitaji mtu wa kumsindikiza hospitali, wakashuka kwa basi mpaka mjini Jujuy. Walipofika kwa daktari wa kifua, Zenobio aligundua kwamba goti la mkewe halina habari yoyote, na kwamba shati linalovuliwa ni lake.

Daktari Ludmila Ferraris alikuwa binti wa nchi tambarare, ambaye akipanda kwetu anashikwa na puna mwenyewe. Lakini kazi yake aliijua. Alitazama kifua kikipanda upande mmoja na kuzembea upande mwingine. Akagonga mgongo kwa ncha za vidole, akishuka polepole: juu ulilia kama ngoma, chini upande wa kulia ukanyamaza kama gunia la unga. Akaweka kifaa cha ultrasaundi, na kwenye kioo likaonekana dimbwi jeusi, na ndani yake kipande cha pafu kikielea kimejikunyata. Alisema hayo meusi ni maji, yamekusanyika nje ya pafu na kulibana.

Akamchoma sindano ya ganzi katikati ya mbavu, akapitisha mrija mwembamba, na maji yakaanza kutoka, rangi ya chai iliyosahauliwa jikoni. Chupa ikajaa, ikaletwa nyingine. Zenobio alipoanza kukohoa na kusema kifua kinambana, daktari akafunga. Yaliyobaki yabaki, alisema, pafu lililokaliwa muda mrefu halipendi kushtuliwa. Hata hivyo Zenobio alivaa shati, akavuta pumzi mpaka vifungo vikalalamika, akapanda na kushuka ngazi za hospitali mbele ya watu wasiomjua ili waone. Maji yalipelekwa maabara. Tránsito aliyatazama yakipita koridoni, na moyo wake haukupenda rangi yake.

Majibu yalikuwa tayari Alhamisi ya Makomadre. Huo ndio ulikuwa mkosi. Siku hiyo, kabla ya Jumamosi ya kanivali, wanawake wa bonde lote wanatawala, na hakuna anayepita mbele yao bila kupakwa poda usoni na kuchomekwa shada la mrehani nyuma ya sikio. Wauguzi hawakumsamehe hata daktari. Aliwapokea Zenobio na mkewe akiwa na mrehani sikioni na vipande vya karatasi nyekundu kwenye nywele, na sura ya mtu aliyekosa usingizi kwa sababu ya neno analokwenda kulisema.

"Mzee Zenobio," alisema, "kwenye yale maji tumekuta chembe za saratani. Imeanzia kwenye pafu, sasa imefika kwenye utando wake. Kuing'oa yote hatuwezi. Zipo dawa za kuipunguza mwendo, na tutazizungumza. Lakini maji yatarudi, na kwa maji hayo nina la kufanya."

Tránsito alimshika mumewe mkono. Daktari akaeleza taratibu, akichora kwenye karatasi. Pafu limevikwa ngozi mbili nyembamba, moja yake na moja ya ukuta wa kifua, na maji yanaingia katikati. Njia ya kwanza ni kumwachia mrija mdogo ubavuni, awe anayatoa mwenyewe nyumbani. Njia ya pili ni kuyakausha yote, kisha kumwaga kitu kitakachozichokoza ngozi zile mbili zivimbe na kugandana, pasibaki nafasi ya maji kukaa; patauma, homa itakuja, na pengine isishike.

Zenobio akauliza ni kitu gani hicho kinachomwagwa.

"Poda," alisema daktari.

Zenobio akamtazama. Akautazama mrehani. Akazitazama zile karatasi nyekundu. Mlangoni akapita muuguzi mmoja anakimbia, mweupe kuanzia paji la uso mpaka kidevuni, na mwingine nyuma yake na kopo mkononi. Hapo Zenobio akajipiga paja, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akashika meza. Alisema kwamba kanivali zote za maisha yake amepakwa poda usoni, masikioni, ndani ya suruali, mwaka mmoja mpaka kwenye supu, lakini kwenye pafu hajapata kusikia. Alimwambia daktari ana kipaji. Na kama poda ni utani, alisema huku akivaa kofia, basi na saratani nayo ni utani, umefanya vizuri sana, binti, umenitisha kweli. Akambusu shavuni, akatoka akicheka koridoni.

Tránsito alibaki kwenye kiti. Daktari alipeleka mkono kichwani, akatoa kipande kimoja cha karatasi nyekundu, akakitazama kana kwamba ndicho kilichomharibia kazi.

"Yatarudi lini?" Tránsito aliuliza.

"Siku chache, au wiki. Akishindwa tena kulala chali, mama, msisubiri."

Huko nyumbani Zenobio aliisimulia hadithi yake kwenye duka la mikate, kilabuni, na kwa padre. Kila aliposimulia, daktari alizidi kuwa mchekeshaji na poda ilizidi kuwa nyingi. Watu walicheka kwa kuwa yeye alicheka. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, lakini hawakusema lolote kuhusu mtu anayeyatembeza maradhi yake kijiji kizima kama kichekesho. Tránsito alijaribu kumwambia mara mbili. Mara ya kwanza alicheka. Mara ya pili alitoka kwenda kufyatua matofali kwenye mvua, na hakuna tofali linalofyatuliwa kwenye mvua.

Jumamosi Wasiochoka wakapanda kilimani kwenye rundo lao la mawe, wakampa Mama Ardhi pombe na koka na sigara zake, wakamfukua shetani. Si shetani wa padre. Huyu wa kwetu ni mcheshi, anazikwa kila mwaka na anafukuliwa kila mwaka, na siku zote anazokaa juu ya ardhi watu hawanuniani. Zenobio akavaa suti nyekundu yenye vioo na njuga, akavaa mkia, akavaa kinyago chenye pembe. Na shetani akishavaa kinyago hazungumzi kwa sauti ya mwenye mwili. Anazungumza kwa sauti nyembamba, kama kinda la ndege, ili asitambulike. Kila mtu anamtambua, na hakuna anayesema. Ukimuuliza Zenobio yuko wapi, utaambiwa kasafiri, atarudi Jumapili ya wiki inayofuata, shetani akizikwa.

Miaka yote Tránsito aliipenda desturi hii kuliko mtu yeyote. Mumewe akiwa safarini, yeye alimshtakia shetani mambo yote ambayo hangeweza kumwambia mumewe: kwamba anakoroma, kwamba ni mbishi, kwamba mwaka ule mtoto wao alipohamia Córdoba alipaswa kulia na hakulia. Shetani alisikiliza kwa makini, akatikisa pembe, akasema yule mtu ni punda kweli, mama. Na Jumapili Zenobio akirudi, mara nyingi alirudi ameongoka kidogo.

Mwaka huu shetani aliteremka kilima akicheza, akafika nyumba ya kwanza, ya pili, na kabla ya kufika ya tatu akainama kufunga kamba za viatu. Hakuinuka. Aliketi katikati ya njia, mkia umemlalia pajani, njuga zikilia zenyewe kwa jinsi kifua kilivyokuwa kikihangaika. Wapiga tarumbeta wakaacha kupiga mmoja mmoja. Maji yalikuwa yamerudi.

Tránsito alipiga magoti vumbini mbele yake. Kwenye tundu la kinyago aliiona midomo, rangi ya mahindi meusi.

"Shetani," alisema, "mume wangu yuko wapi?"

"Kasafiri," ilijibu sauti nyembamba, kwa taabu. "Atarudi Jumapili."

"Kaniachia mwili wake hapa njiani, na haupumui vizuri. Naomba ruhusa niupeleke hospitali."

"Zenobio hataki. Anasema ni utani."

"Simuulizi Zenobio. Zenobio nimemchoka. Nakuuliza wewe."

Shetani akatafuta pumzi, au akatafuta neno. Vioo vyote vya kifuani mwake vilimwonyesha Tránsito uso wake mwenyewe, umejaa poda na machozi.

"Zenobio anaogopa," ilisema ile sauti ya kinda. "Yule mtu anaogopa sana, mama. Usimwambie nimekwambia."

"Sitamwambia."

"Basi nipeleke."

Wasiochoka hawakukubali shetani wao aende peke yake. Walipanda wote kwenye lori la kubebea matofali, mashetani, wapiga tarumbeta na ngoma kubwa, na mwenyekiti wao, Mzee Eleuterio Cari, akapakia gunia zima la poda. Alisema shetani wa kikundi hapakwi poda ya watu wengine. Kama hospitali inataka kumtia poda, iwe ya Wasiochoka, au itakuwa wameibiwa shetani.

Hospitalini walimpiga picha ya kifua haraka, na picha ikamtoa jasho fundi: kifuani mwa mgonjwa kulikuwa na njuga na vioo visivyo na idadi. Daktari Ferraris aliamuru suti ivuliwe. Suti ikavuliwa, na mkia. Kinyago, hapana. Mgonjwa akakaa kitandani na gauni la hospitali lililo wazi mgongoni, pembe kichwani, amewekewa mrija wa oksijeni uliopitishwa kwa chini ya kidevu cha mbao. Picha ya pili ilionyesha weupe mtupu upande wa kulia, karibu mpaka juu.

Daktari alisema atamwekea mrija, ayakaushe maji, na kama pafu litafunguka, atie poda. Lakini kwanza alihitaji ridhaa ya Mzee Zenobio.

"Kasafiri," ilisema sauti nyembamba.

Daktari alimwangalia Tránsito. Tránsito aliinua mabega akasema ndivyo ilivyo, mpaka Jumapili. Binti wa watu alifumba macho kidogo. Nadhani alikumbuka nchi tambarare na wagonjwa wake wasio na pembe. Kisha akavuta kiti, akamuuliza shetani kama anaelewa anachotaka kufanyiwa.

Shetani akaeleza. Kwa sauti ya kinda la ndege, akikata kila maneno mawili ili avute hewa, alisema pafu lina ngozi mbili na maji yamekaa katikati. Alisema watayakausha, watamwaga poda, ngozi zitavimba na kugandana, patauma, atapata homa. Alisema pengine haitashika, na ikishindikana atapewa ule mrija wa nyumbani. Na alisema hata ikishika, poda ni ya maji tu. Saratani itabaki palepale.

Tránsito alisimama dirishani na mkono mdomoni. Hakuna hata neno moja la Alhamisi lililompita mtu yule. Alikuwa amelisikia lote, akaliweka mahali, kisha akacheka koridoni mpaka nje. Tránsito alimwonea huruma.

"Anayeeleza hivyo ameelewa," alisema daktari, "ajiite atakavyo." Akampa kalamu. Shetani akaweka sahihi ya Zenobio Toconás, na mwishoni akaichorea mkia.

Likabaki gunia. Mzee Eleuterio alilitua juu ya meza ya daktari, na meza ikafuka wingu. Daktari alieleza kwamba poda ya hospitali imeuliwa vijidudu na kuchekechwa maalumu, na kwamba hii ina marashi ya waridi, na waridi likiingia kifuani litamuua mtu. Mzee Eleuterio aliona ametukanwa. Alisema marashi hayo ni ya bei. Walivutana mpaka Tránsito akaingilia, akakumbusha sheria ambayo mzee mwenyewe anaijua: anayepaka poda lazima kwanza apakwe. Kama daktari atapakwa ya Wasiochoka, basi mkono wake umekuwa wa Wasiochoka, na chochote atakachomwaga ni cha kikundi. Mzee Eleuterio alifikiri, akaona ni haki. Daktari Ferraris akavua miwani, akatoa uso, akapakwa mashavu yote mawili na paji, mbele ya tarumbeta. Halafu ikambidi akaoge upya kabla ya kugusa mgonjwa, na maneno aliyosema bafuni wauguzi hawakuyarudia.

Mrija ukaingia, maji yakatoka kwa vituo, leo kiasi na kesho kiasi. Tránsito alikaa kando ya kitanda akiomba jambo moja tu, lile aliloambiwa na daktari: pafu lifunguke. Lisipofunguka likagusa ukuta, poda haina cha kugandisha. Picha ya Jumanne ilipokuja, daktari aliiinua kwenye mwanga, kisha akampa Tránsito aitazame. Pale palipokuwa peupe palikuwa peusi, pamejaa hewa mpaka ukutani. Tránsito, ambaye hajui kusoma picha za kifua, aliisoma ile vizuri sana.

Poda ikaingia jioni hiyo, ikiwa uji mweupe, kwa mrija uleule, pamoja na dawa ya maumivu. Hata hivyo iliuma. Shetani alilia kwa sauti yake nyembamba, na mgonjwa wa kitanda cha pili akauliza nani kaingiza mwanambuzi wodini. Homa ikaja kama ilivyoahidiwa. Siku zote hizo Tránsito alizungumza naye, kwa kuwa ndiye aliyekuwapo. Alimwambia hataki kulala peke yake katika nyumba ile. Alimwambia amekasirika, kwamba mumewe amemwachia mzigo wa kujua akiwa peke yake. Shetani aliushika mkono wake juu ya shuka, akasema yule mtu ni punda kweli, mama, lakini si punda mbaya. Maji hayakurudi. Mrija ukatolewa, na daktari akawaruhusu, akawapangia siku ya kuja kuanza zile dawa nyingine.

Jumapili Wasiochoka walimbeba kwenye kiti mpaka kwenye rundo la mawe. Tránsito alipanda nyuma yake. Shetani alikuwa amekubali kila kitu, lakini shetani anazikwa leo. Nani angerudi? Akirudi yule mchekaji wa koridoni, siku ile ya dawa angekwenda nayo kilabuni kuisimulia.

Shimo likafunguliwa. Wakatupa humo mrehani, koka na mabaki ya pombe, na mashetani wakaanza kulia. Ndiyo desturi: kanivali ikizikwa watu wazima wanagaragara na kuomboleza, na anayelia zaidi anasifiwa. Mmoja mmoja wakavua vinyago. Zenobio akavua cha mwisho. Uso ulikuwa umepungua, na mashavu yalikuwa na alama za mbao.

Alivuta pumzi. Ilikwenda mpaka chini.

"Tránsito," alisema kwa sauti yake, nzito, iliyoota kutu kwa kutotumika. "Nimerudi."

"Karibu, mzee wangu. Habari za safari?"

"Huko nimeambiwa nina saratani."

Tránsito alisubiri acheke. Hakucheka. Alimtazama mkewe kama mtu aliyeleta zawadi isiyofaa na hana nyingine.

"Hata mimi nimeambiwa," alisema Tránsito.

Wakalia. Walilia wameshikana, kwa sauti, bila kujificha, katikati ya kijiji kizima kilichokuwa kikilia, na hakuna aliyewageukia isipokuwa Mzee Eleuterio, ambaye alisema mwaka huu akina Toconás wamewashinda wote.

Wakati wa kushuka Zenobio alikataa kiti. Alitembea mwenyewe, polepole, mkono begani kwa mkewe, mpaka pale njia inapoanza kupanda kuelekea kanisani. Hapo akasimama. Watu waliokuwa nyuma wakasimama pia, wakatazama kando kwa adabu, wakimsubiri ainame kwenye zile kamba.

Hakuinama.

"Ngojeni kidogo," alisema, kwa sauti iliyofika mpaka duka la mikate. "Nahema."